Washa za felti za betri: zinafaa, ila si kwa kila gari

Pakiti moja huja na washa mbili, yaani vipete vya kitambaa kizito, zilizoloweshwa dawa ya kuzuia kutu: nyekundu ya chanya, kijani ya hasi. Hukaa kitakoni mwa kichwa cha betri, chini ya terminali (kibano cha waya), zikapambana na mvuke wa asidi unaopenya pale risasi ya kichwa inapokutana na plastiki. Mvuke huo ndio unaozaa ule unga mweupe. Ukiuona wa kijani au buluu, jua asidi imeshaanza kula shaba. Na gari likilala Nyali au likivuka Likoni kila siku, hewa ya chumvi huongeza balaa.

Kwa betri ya vichwa vinene, nunua bila wasiwasi. Tatizo ni Vitz na ndugu zake: betri zao ndogo za saizi ya NS40 nyingi zina vichwa vyembamba, tundu la washa likawa pana na felti ikachezacheza. Hapo grisi ya silikoni ni bora zaidi. Vaselini husaidia, ila joto la Mombasa likikutana na la injini huyeyuka, ikachuruzika na kunasa vumbi.

Lawama nyingi zinazotupiwa washa hizi ni za ufungaji. Ukiivalisha juu ya uchafu, umefungia asidi humo humo. Zima gari, vaa glavu na miwani, ufungue hasi kwanza kwa spana namba 10. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi ni cheche. Koroga kijiko kikubwa cha magadi ya kupikia kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, umimine kidogo kidogo. Vifuniko vya seli viwe vimekazwa, maana magadi yakiingia ndani huua asidi ya betri yenyewe. Povu likiisha, suuza, kausha, kisha sugua kichwa na ndani ya terminali kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae. Vaa washa, sukuma terminali mpaka chini, kaza chanya, hasi mwisho. Grisi hupakwa nje, baada ya kukaza. Nyundo iacheni jamani: hupasua kiungo cha kichwa na plastiki, mvuke ukapata njia mpya.

Multimita itasema ukweli: ncha moja kwenye kichwa, nyingine kwenye terminali, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.2, rudia kusugua.

Unga ukirejea upesi, washa haina kosa. Pima chaji injini ikinguruma: volti 13.8 hadi 14.5 ni salama, zikipita 15 alteneta inaichemsha betri. Au seli zimejazwa kupita kiasi, au kuna aliyeongeza asidi badala ya maji ya betri. Kinachokauka humo ni maji, asidi hubaki.

Dukani, bonyeza felti kabla ya kulipa. Iliyokauka kwa kutundikwa juani ni kitambaa tu, omba nyingine.