Memori kadi ya kamera: kabla ya kuuliza GB, kagua kiloki

Mwezi uliopita nilikuwa napiga picha za sendofu moja Tabata. Bibi harusi yuko mlangoni na baba yake, MC ameshatangaza, muziki umeanza, na mimi nimepiga goti katikati ya zulia. Nikabonyeza, kamera ikakataa. Kwenye kioo imeandika kwamba kadi imefungwa. Nikaichomoa, nikataka kukisukuma kwa ukucha kiloki, kile kiplastiki cha ubavuni kinachofunga na kufungua kadi, ukucha ukapita bila kugusa kitu. Kiloki hakikuwepo. Mahali pake palibaki kijipengo tu, kidogo kuliko punje ya mchele. Kadi ya akiba ilikuwa kwenye begi, begi analo msaidizi wangu, na msaidizi ametoka nje kufuata taa kwenye gari. Mpaka anarudi, bibi harusi ameshaketi. Baba yake aliingia huku analia. Nililiona lile chozi, na hakuna picha yake.

Nilipowasimulia wenzangu wa kazi hii, watatu wakaniambia yamewahi kuwakuta. Mmoja alikuwa kanisani, kamera shingoni. Basi kila siku tunaulizana GB ngapi na spidi ngapi, na kile kiplastiki hakuna anayekitaja.

Ukikielewa hutanunua kadi kizembe tena. Kiloki hakijaungwa na chochote ndani ya kadi. Kadi yenyewe haijui kama imefungwa au iko wazi. Ni kamera ndiyo yenye kijichuma ndani ya tundu, kinachopapasa ubavu wa kadi kila unapoiingiza. Kikigusa plastiki, kamera inaandika. Kikikuta pengo, inakataa. Ndiyo maana kiloki kikidondoka, kadi nzima ambayo haina ubovu wowote inageuka ya kusoma tu. Picha zako za zamani zimo na utazitoa, ila mpya hazipokelewi. Siku ile nilikata kipande cha selotepu kwenye meza ya zawadi, nikaziba lile pengo, kamera ikakubali. Fanya hivyo ukibanwa, kisha ukifika nyumbani hamisha picha na kadi hiyo usiitumie tena, kwa sababu selotepu ikibanduka inabaki ndani ya tundu, na hapo utamtafuta fundi.

Nyuma ya kadi pia, kati ya vile vibati vya rangi ya dhahabu, kuna kuta nyembamba za plastiki. Nazo huvunjika, hasa kwa sisi tunaotoa na kuingiza kadi mara kumi kwa siku moja.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Sony za jina la TOUGH, na siombi radhi kwa kuzipendelea. Zilianza kutoka mwaka 2018, na hazina kiloki kabisa. Hazina pia zile kuta za nyuma. Mwili wake ni kipande kimoja kilichomwagwa kwenye kalibu, kwa hiyo hakuna kinacholegea wala kudondoka. Sony wanasema zinastahimili kukunjwa mara 18 zaidi ya kiwango cha kawaida cha kadi za SD, na kukaa kwenye maji ya kina cha mita 5 kwa saa 72. Mimi maji siyajali sana. Nimeinunua kwa ajili ya ule ubavu usio na pengo. Nikiishika gizani, kidole kinapita ubavuni moja kwa moja hakikwami, na moyo unatulia.

Ziko za aina mbili. SF-G inaandika hadi MB 299 kwa sekunde na ni ghali mno. SF-M inaandika hadi MB 150, na kwa kazi za harusi inatosha na kubaki. Nunua SF-M. Ila fahamu kwamba hizi ni kadi za UHS-II, zenye safu mbili za vibati nyuma. Kamera kama Nikon D750 au Canon 80D inatumia safu moja tu, kwa hiyo kadi itafanya kazi vizuri lakini spidi yote hiyo hutaiona. Sony a7 III ina matundu mawili ya kadi, na ni namba 1 tu linaloifaidi. Mwenye kamera ya namna hiyo ajue analipia uimara.

Namba mbili ni SanDisk Extreme Pro ya kawaida, ile ya UHS-I, yenye safu moja ya vibati. Ina kiloki, hapo ndipo imepoteza nafasi ya kwanza. Alama yake ya V30 maana yake haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde wakati wa kuandika, na video ya 4K kwenye kamera nyingi za kwetu inakula kama MB 12 na nusu, kwa hiyo usitishwe na muuzaji anayekulazimisha V90, yaani ya MB 90. Kabla ya kulipa, kisukume kiloki juu na chini mara tatu. Kinatakiwa kigome kidogo na kutoa mlio mwembamba. Kikiteleza chenyewe kama shanga kwenye uzi, irudishe.

Namba tatu ni Lexar Professional na Kingston Canvas. Ni kadi nzuri zote, na kipimo cha kiloki ni kilekile.

Zile za bei ya chini, pamoja na kadi ndogo ya simu iliyovishwa adapta, tumia kwa picha za mtoto nyumbani. Adapta nayo ina kiloki, tena chepesi zaidi.

Sasa niseme la moyoni kuhusu Kariakoo. Siku niliyoenda kununua, maduka manne yalikataa kunifungulia pakiti, na risiti zao zote zimepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nitajuaje kiloki kimelegea bila kukigusa? Nitajuaje kwamba si feki, wakati feki hupangwa ndani ijitangaze GB 128 huku ikiwa na GB 8, na picha huanza kuharibika kimyakimya zile 8 zikijaa? Hata muuza karanga hukuonjesha mbili tatu kabla hujatoa hela. Halafu bei. Dola ikipanda asubuhi, kadi imepanda kabla ya adhuhuri. Ikishuka unaambiwa mzigo huu ni wa zamani. Mpiga picha wa mtaani analipwa kwa mafungu, fungu la mwisho analidai miezi miwili, na bado anabebeshwa hasara ya kadi ambayo hakuruhusiwa hata kuikagua.

Duka la tano lilinikubalia. Nilikwenda na kompyuta yangu, nikaijaza kadi yote kwa H2testw, programu ya bure inayoandika mpaka mwisho kisha kusoma ilichoandika. Kadi ya GB 64 ilichukua zaidi ya nusu saa, na kijana wa kaunta akanipa kiti. Nililipa elfu 10 zaidi ya bei ya duka la jirani, na hapo ndipo nitakaporudi.