Nimelipia marejeo ya Python, yakanilia namba za wateja

Jina la programu hii ya simu silitaji, ila kama uko Nairobi na unajifunza Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, matangazo yake umeshayaona. Unalipa kwa M-Pesa kila mwezi, unapata maelezo ya methodi za Python (amri zilizo tayari za kushughulikia data) kwenye simu bila intaneti. Nilifurahi, maana bando langu huyeyuka haraka kuliko mshahara.

Nilikuwa nasafisha namba za wateja wa duka moja la vipuri Kirinyaga Road. Kazi yenyewe ni kuondoa +254 mwanzoni, basi. Nikatafuta methodi iitwayo lstrip. Programu ikanipa sentensi moja: huondoa maandishi uliyotaja mwanzoni mwa stringi (yaani mfuatano wa herufi na alama). Mfano hakuna. Namba za mkononi zikatoka safi, kwa sababu baada ya +254 hufuata 7 au 1. Za mezani za hapa Nairobi ndizo zilizochinjwa: mahali pa 20 ikabaki 0, ile 2 imeliwa! lstrip haioni "+254" kama kitu kimoja. Inachukua +, 2, 5 na 4 kila moja kivyake, inakula kutoka kushoto hadi ikutane na alama isiyo miongoni mwao. Tovuti rasmi, docs.python.org, inalisema hili waziwazi, tena bure.

Nikawapigia. Jamaa wa huduma kwa wateja hakuniacha hata nimalize. "Boss, sisi si walimu. Soma vizuri." Nisome nini, na sentensi yenyewe ni moja? Nikamuuliza mbona removeprefix, methodi inayoondoa maandishi ya mwanzoni kama kitu kimoja, haimo, na iliingia kwenye Python 3.9 mwaka wa 2020 kutibu balaa hilihili. Akasema niandike barua pepe, akakata.

Haki yao niwape: kutafuta humo ni haraka, na stima ikipotea bado unasoma. Kwa anayeanza ningetoa nyota tatu. Lakini ngoja, hata Python yenyewe ina help(): andika help(str.removeprefix), unajibiwa papo hapo bila intaneti wala senti. Maelezo yake ni mafupi mno, nakubali, na kwa lstrip hayatoshi. Basi siku ukipata waifai pakua nyaraka rasmi zote, zinaruhusiwa kupakuliwa.

Nyota mbili, kumbe. Nikiikumbuka ile "soma vizuri", moja. Hiyo moja ni ya kisanduku cha kutafutia, jamaa wa simu asijidanganye ni yake.