FreeCAD kwa seremala: nzuri, ila rekebisha kwanza namna ya kuzungusha mchoro

Mimi ni seremala wa Keko, Dar es Salaam, na kazi inayoniweka mjini ni makabati ya jikoni. Kwa mwaka mzima sasa sijakata bodi yoyote kabla sijalizungusha kabati lake kwenye laptop. Natumia FreeCAD, programu ya kuchora vitu vya 3D kwenye kompyuta, toleo la 1.0, lile lililotoka Novemba 2024. Ni ya bure kabisa, hakuna ada ya mwezi wala ya mwaka, inakubali Windows, Mac na Linux, na watu wamekuwa wakiijenga tangu 2002. Naipa nyota nne kati ya tano. Kuhusu kuchora kwenyewe kuna video nyingi za kufundisha. Mimi nataka kuzungumzia kitu ambacho wengi wanakiruka, yaani namna ya kuuzunguka mchoro, kuusogelea na kuuingia ndani, maana hapo ndipo ile nyota ya tano ilipopotea.

Fundi akitaka kujua kiti kimeungwaje, anakishika na kukipindua, anaangalia chini penye skrubu, anakisimamisha tena. Kwenye kompyuta mkono umebaki na kipanya tu. Kipanya kikikukatalia, hata mchoro uwe mzuri namna gani, huoni unachokijenga. Wapo mafundi wenzangu watatu walioifuta programu hii siku ileile walipoiweka, na wote watatu waliniambia neno moja: "Haigeuki."

Inageuka. Tatizo ni mtindo unaoukuta pale mwanzo, unaoitwa CAD. Ukibonyeza gurudumu la kipanya na kuburuta, mchoro unasogea pembeni. Kuuzungusha, unabonyeza gurudumu, hujaliachia unabonyeza na kitufe cha kushoto, ndipo unaburuta. Kwa kipanya kizuri utazoea. Kwa vipanya vya bei ndogo tunavyonunua wengi wetu, gurudumu ni gumu na linateleza, kwa hiyo unataka kugeuza kabati, lenyewe linakurukia usoni. Wiki ya kwanza kidole changu cha kati kiliuma kuliko siku ya kupiga randa.

Angalia chini kulia kwenye dirisha la programu. Kuna kitufe kidogo kimeandikwa CAD. Kibonyeze, itafunguka orodha ya mitindo mingine. Mtindo unaoitwa Gesture unazungusha kwa kitufe cha kushoto na kusogeza kwa cha kulia, gurudumu huligusi isipokuwa kukuza na kupunguza. Huo ndio ninaowawekea vijana wangu wanaoanza. Mtindo wa Revit unasogeza kwa gurudumu na kuzungusha kwa Shift pamoja na gurudumu, unamfaa aliyetoka kwenye programu nyingine za kuchora kama Revit au AutoCAD. Mimi nilitoka SketchUp, nayo ni programu ya kuchora, na ilinichukua muda kugundua kwamba mtindo unaonifaa ni ule wa Blender: gurudumu linazungusha, Shift na gurudumu vinasogeza, sawasawa na mkono wangu ulivyozoea. Kama nawe umetoka SketchUp, chagua huo usihangaike. Ukisahau vitufe, weka mshale juu ya jina la mtindo pale chini bila kubonyeza, itakukumbusha.

Waliotengeneza programu wangeuliza swali hilo mara ya kwanza tu mtu anapoifungua, kwa herufi kubwa, wale wenzangu watatu wangekuwa nayo hadi leo.

Kuna na jambo la pili, nalo kwa seremala ni kubwa zaidi. Ilivyokuja kwangu, ukiburuta kipanya kwa mduara kidogo, kabati linalala ubavu. Unaburuta kulirudisha, linasimama kichwa chini. Kwa mtu anayechora gia au bomba hilo halina neno, kwa sababu gia haina juu wala chini. Kabati lina miguu. Ingia kwenye mapendeleo (Preferences), sehemu ya Display, ukurasa wa Navigation, tafuta Orbit style uweke Turntable. Kuanzia hapo mchoro unazunguka kama kitu kilichowekwa juu ya meza ya kuzunguka ya mfinyanzi. Unaweza kuutazama kutoka juu au chini, lakini wima unabaki wima. Sijawahi kurudi kwenye mpangilio wa mwanzo tena.

Namba ndizo zilizonifanya niipende. Laptop yangu ni ya mtumba, haina zile namba za pembeni, lakini namba za juu zinafanya kazi vilevile. Bonyeza 1, unaona mbele. 2, unaona kutoka juu. 3 kulia, 4 nyuma, 5 chini, 6 kushoto. 0 inakupa ile picha ya pembe ambayo wateja wanaipenda. Mchemraba ulio kona ya juu kulia unafanya kazi hiyohiyo kwa kubonyeza pande zake, ila kwenye skrini ndogo nauona mgumu kulenga, namba ni haraka.

Nitaeleza kazi moja ili ieleweke thamani yake. Mama mmoja aliniagizia jiko lenye umbo la L. Upande mmoja droo tatu zinaanzia konani, upande wa pili oveni, nayo ipo karibu na kona hiyohiyo. Alikuja karakana kuangalia mchoro. Nilimwonyesha kwa 0, akafurahi. Kisha akasema, "Fundi, naomba nione kama nimesimama pale kwenye sinki." Nikazungusha taratibu, nikasogeza hadi usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na mle ndani ya Turntable kila kitu kikakaa wima kama ukutani. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na nikivuta hii droo hapa?"

Nilibadilisha nafasi ya droo ya juu, nikaitoa sentimita 45, urefu wote wa reli. Kwa mbele hakuna kilichoonekana kibaya. Nikabonyeza 2. Tukiwa tunatazama kutoka juu, tuliona wote wawili: ubavu wa droo unapita katikati ya kishikio cha oveni. Kishikio kile kilitokeza kiasi cha sentimita 4 mbele ya mlango, na mimi nilikuwa nimechora oveni kama boksi lisilo na kishikio hadi siku moja kabla, nilipokiongeza kwa ajili ya kumridhisha mteja tu. Tuliweka kipande cha bodi cha sentimita 6 pale konani, droo zikapungua upana kiasi hicho, na kila kitu kikafunguka.

Miaka miwili kabla ya hapo niliwahi kufunga jiko lenye kosa hilohilo nikiwa na michoro ya karatasi. Nililigundua nyumbani kwa mteja, droo zote zikiwa zimeshafungwa reli. Bodi mbili nzima za futi nane kwa nne nilizinunua upya kutoka mfukoni mwangu, na mteja yule hakunipigia simu tena. Kwa hiyo ninaposema namba 2 ina thamani, nasema nikiwa na bei yake kichwani.

Mengine kwa ufupi. Mchoro ukipotea kabisa kwenye skrini, na utapotea, usifikiri umeufuta. Bonyeza V kisha F, vyote vinarudi kuonekana. Ukitaka kukuza kipande ulichokichagua tu, V kisha S. Ukichagua kipande na kubonyeza kitufe kirefu cha nafasi kinafichika, ukibonyeza tena kinarudi. Hivyo ndivyo ninavyong'oa mlango kuangalia bawaba zimekaaje.

V kisha O inaweka mchoro bila kina cha macho, mistari sambamba inabaki sambamba. Fanya kazi zako zote hapo. V kisha P inaonyesha kama jicho linavyoona, cha karibu kikubwa, cha mbali kidogo. Hiyo ni ya mteja. Kijana wangu mmoja aliwahi kukadiria kwa macho nafasi kati ya shelfu akiwa kwenye P, akasema hazilingani, akaanza kurekebisha kitu ambacho hakikuwa na kosa. Kama unafundisha mtu, mwambie hili siku ya kwanza.

Udhaifu mwingine ni uzito. Kabati moja linazunguka laini kabisa. Jiko zima, lenye milango, reli na vishikio, kwenye laptop yangu ya RAM ya GB 8 linazunguka kwa kukwamakwama. Ninachofanya ni kuficha vishikio na skrubu hadi mwisho. Inasaidia sana, ingawa ningependa nisihitaji kufanya hivyo.

Saiti ndipo ninapobadilisha mtindo kabisa. Pale hakuna meza, laptop nimeiweka juu ya ndoo ya rangi au mapajani, na kipanya hakina pa kukaa. Nachagua Touchpad. Nikishikilia Shift na kutembeza kidole, mchoro unasogea. Nikishikilia Alt, unazunguka. Si mwepesi kama wa kipanya, na kwenye Linux ya kijana wangu Alt ilikuwa inakamata dirisha zima badala ya mchoro hadi tulipobadilisha mipangilio ya mfumo. Lakini wiki iliyopita, nikiwa na fundi bomba kwenye nyumba moja Mbezi, niliweza kuligeuza kabati la sinki nyuma, nikabonyeza 4, nikamwonyesha tundu litatobolewa wapi na kwa kipenyo gani. Alichukua penseli akaweka alama ukutani palepale.