Mawe bapa ya Mwandiga: mazuri, ila chagua mwenyewe

Anayetafuta mawe ya kubandika ukutani au kutandika uani hapa Kigoma atapata mzigo wa maana kwenye uwanja mmoja wa mawe pale Mwandiga. Yamepasuliwa kwa patasi kufuata tabaka zake, unene sentimita 2 hadi 4, na wapakiaji hawayarushi. Kasoro ni moja, nayo ni kubwa: yamepangwa kwa rangi, na rangi haisemi lolote kuhusu uimara. Wekundu ni madini ya chuma yaliyopaka chembe. Utauona kwenye jiwe gumu na kwenye jiwe linalosagika kiganjani.

Yote ni miamba mashapo. Mchanga na tope vilibebwa na maji, vikatua, vikafukiwa na mashapo mengine na kubanwa na uzito wake. Kisha madini yaliyoyeyuka katika maji ya ardhini yakaziba nafasi na kushikamanisha chembe. Mnunuzi analipia huo mshikamano. Ukiwa wa silika (madini yaleyale ya mchanga mweupe), jiwe linadumu. Ukiwa wa kalsiti (madini ya chokaa), tindikali inalila. Ukiwa wa udongo mfinyanzi, usilitarajie kustahimili mvua.

Kwa mzigo wa hapa fungu jekundu ndilo bora, ila si kwa sababu ya rangi yake. Ni mwamba wa mchanga, chembe zake kati ya milimita 0.0625 na 2. Kwaruza kwa msumari: jiwe zuri halichimbiki, bali msumari wenyewe ndio unaolika na kuacha mstari unaong'aa. Ligonge kwa nyundo, litalia. Likitoa sauti nzito iliyofifia, mara nyingi lina ufa ndani.

Fungu la njano limechanganyika. Kuna mwamba wa mchanga na kuna mawe chokaa. Tone la tindikali ya hidrokloriki ya asilimia 10 linatoa povu papo hapo kwenye mawe chokaa. Dolomiti, jiwe linalofanana na mawe chokaa lakini lenye magnesi, hutoa povu ikisagwa unga tu. Usijaribu kwa maji ya betri.

La kijivu lisiuzwe kwa kazi ya nje. Chembe hazionekani kwa macho, na ukilipulizia pumzi linanuka udongo. Ni tope lililogeuka mwamba. Lichovye kwenye ndoo usiku kucha: kingo zinaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Ukutani ndani ya nyumba, pasipo na maji, sawa.

Kabla ya kulipa, pima kipande kikavu kwa mizani, kiloweke saa 24, kipanguse, upime tena. Kiwango cha Kimarekani cha mawe ya ujenzi, ASTM C616, kinaruhusu mwamba wa mchanga kunyonya maji hadi asilimia 8 ya uzito wake, na kwatsaiti (mwamba wa mchanga uliokazana sana) asilimia 1. Kwa uani, kadiri kinavyonyonya kidogo ndivyo bora.

Fundi naye aangaliwe. Jiwe la kubeba mzigo hulazwa tabaka zikiwa mlalo. Likisimamishwa, uso wake hubanduka. La kubandika halina budi kuonyesha tabaka kwa nje, kwa hiyo kataa lenye mistari ya udongo au ulanga (vipande vyembamba vinavyometameta) mwingi. Uani, weka mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita ili maji yasituame kwenye viungo.

Bei ni kwa tripu, na mzigo ukishapakiwa haurudishwi. Kuchagua jiwe mojamoja wanaruhusu, mradi ufike kabla ya gari kupakia.