Maganda matano mezani: uzoefu wangu na fundi wa bunduki Lubumbashi

Bunduki ni Mauser ya jeshi la zamani kutoka kiwanda cha FN cha Ubelgiji, ya risasi za .30-06, niliyoachiwa na baba mkubwa pamoja na karatasi zake zote. Naenda nayo kuwinda nguruwe pori. Mwaka jana ikaanza visa. Fataki moja, yaani kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, inatoka imebapa kama sarafu iliyopitiwa na treni, nyingine imetokeza nyuma ya ganda hadi ukucha unakwama. Mara mbili nilivuta, ikalia tik, basi.

Fundi wa kwanza hakuifungua hata kulasi, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma. Alisema masasi yana baruti kali, nibadilishe, akala dola 30 zangu. Nikabadilisha. Visa vile vile.

Wa pili ni mzee mmoja wa Kamalondo. Kabla ya kuishika bunduki aliuliza, "Maganda uliyopiga yako wapi?" Bahati nilikuwa na matano mfukoni. Akayapanga mezani, akavaa miwani.

"Mwana, fataki iliyotokeza hivi si ya nguvu nyingi. Hapa kuna nafasi."

"Nafasi gani, papa?"

Akanieleza: risasi isipobanwa vizuri chumbani, pale inapokaa nyuma ya mtutu, sindano inayogonga fataki inaisukuma mbele, kisha fataki inajirudisha nyuma. Presha ikiwa ndogo, ganda linang'ang'ania kuta za chumba na fataki inabaki nje. Ikiwa ya kawaida, ganda lenyewe linavutika kurudi nyuma na kuigandamiza fataki kwenye kulasi, nayo inabapa. Kumbe sura mbili, ugonjwa mmoja! Hata hivyo joto hakulisahau: aliponiuliza masasi nayaweka wapi nikamwambia kwenye dashibodi ya gari, alinitazama kama mtoto. Jua la Oktoba linapandisha presha, na .30-06 tayari imepimiwa kikomo cha bar 4,050.

Halafu akachukua waya mwembamba uliopindwa ncha, akanipa niupitishe ndani ya ganda. Karibu na kitako ncha ikazama kwenye mfereji. Ndipo jasho liliponitoka, maana hapo ndipo ganda lingekatika na gesi kunirudia usoni. Akaingiza chumbani chuma cha kupimia nafasi, kipimo ambacho kulasi haitakiwi kabisa kujifunga juu yake. Ikajifunga bila kusita. Namba za kulasi na za mtutu hazifanani. Mtu aliibadilisha zamani, na baba mkubwa alikuwa na marafiki wengi sana wa kuazima vitu.

Ile tik ilikuwa grisi ya jeshi iliyoganda ndani ya kulasi na kuikaba springi. Aliiosha kwa mafuta ya taa, kazi ya nusu saa.

Kutafuta kulasi nyingine ndiko kulikochukua wiki tatu. Kulasi tatu alizikataa kwa kipimo, ya nne ikakubali. Risasi za kwanza alipiga bunduki ikiwa imefungwa kwenye tairi, yeye nyuma ya ukuta anavuta kamba. Maganda yaliyotoka nimeyapitisha waya mwenyewe, ncha inateleza tu.

Nililipa dola 120. Risiti hakuna, simu hapokei, na ukimharakisha anakwenda kunywa chai. Jumamosi anafunga saa sita. Ukienda, usibebe bunduki peke yake, beba na maganda, na usiyaoshe.