Mzee wa msumeno, Isamilo, Mwanza: nilimwita aung'oe mwembe, akagoma

Mwaka jana nililipa elfu 40 ili mwarobaini wangu uharibiwe. Leo ndivyo ninavyoihesabu ile hela. Vijana wawili walikuwa wanapita geti kwa geti na mapanga, wakaniambia, "Mama, huo mti umeshakuwa mrefu, mvua zikianza utakulalia." Nikaingiwa na hofu, nikakubali. Saa moja na nusu walikuwa wamemaliza: kichwa chote chini, imebaki nguzo yenye vidole vinne. Matawi wakaniachia uani niyasombe mwenyewe.

Mwarobaini haufi kirahisi. Ulichipua tena, ila machipukizi yalitoka kama nywele za mtu aliyeota ndoto mbaya, membamba, marefu, yote yamejazana kwenye ncha ya kile kisiki. Ukilivuta moja linabanduka na gome lake. Kiangazi chote, Juni mpaka Septemba, wapangaji wangu wakaishi chini ya bati la moto bila kivuli, na kila mmoja alihakikisha nimesikia.

Kwa hiyo mambo ya mwembe yalipokuja sikutaka tena mtu wa kupita.

Mwembe huu aliupanda mama mkwe. Umeota katikati ya mawe mawili makubwa, na mnaoishi huku milimani mnajua mizizi inavyotafuta riziki kwenye nyufa. Tawi moja nene limekwenda mpaka juu ya bati la jirani. Msimu wa maembe ni ugomvi: embe likidondoka usiku, pale kwake ni kama mtu ametupa jiwe. Halafu Februari ikaja mvua ya alfajiri, zile zinazotoka ziwani na upepo wake, tawi kavu likaanguka na kupasua mfuniko wa tenki langu la maji. Nikasema basi, mwembe unakatwa.

Mtu nilielekezwa na dada anayeuza miche barabarani, ninapochukuaga mipapai. Ni mzee wa makamo, Msukuma, anafanya kazi na vijana wawili. Hana ofisi wala bango. Aliahidi Jumatatu akaja Jumatano, simu haipokelewi, na hilo nalisema wazi kwa sababu Jumatatu niliomba ruhusa kazini bure.

Alipofika hakugusa kamba. Aliuzunguka mti mara mbili akiuangalia juu, akageuza panga akawa anagonga shina kwa mgongo wa panga, sikio karibu, anasogea anagonga tena. Mlio ulikuwa mzito, umejaa. Akachuchumaa chini akapiga kidole kwenye zege. Mimi ndiye niliyemwaga hilo zege mwaka juzi, wapangaji wapate pa kufulia, na nililipeleka mpaka likabusu shina. Akaniuliza, "Mayu, nani kaufunga shingo huu mti?" Nilicheka lakini niliona aibu.

Akanieleza kwamba mti ni mzima. Tatizo ni matawi makavu ya ndani, lile moja la kwa jirani, na mizizi isiyopata hewa wala maji. "Ukiukata huu, jua lote linahamia kwenye nyumba yako. Na kile kisiki utakigombania na mchwa." Nilimwambia hela ninayo ya kuuangusha wote. Akasema kazi hiyo hafanyi, nitafute mwingine. Nimekaa Mwanza miaka mingi, sijawahi kuona fundi anakataa kazi kubwa ili achukue ndogo. Tukapatana laki moja na themanini, pamoja na kuondoa takataka.

Sasa kazi yenyewe. Kijana mmoja alipanda kwa kamba, na nilipouliza kwa nini havai vile vyuma vya miguuni vyenye misumari, mzee akasema hivyo ni vya mti unaoangushwa. Kwenye mti unaobaki kila msumari ni kidonda. Juu kulikuwa na viota vya maji moto, wale sisimizi wakali, majani yameshonwa kama bahasha. Kijana alishuka mara mbili akijikuna na kutukana kwa Kisukuma.

Lile tawi la jirani ndilo lililonifanya niache chai ipoe. Walilifunga kamba kwanza, kamba ikapitishwa kwenye panda ya juu, kijana wa pili akaishika chini. Aliye juu akakata kidogo kwa upande wa chini, mbali na shina. Halafu akasogea mbele kidogo akakata kutoka juu, tawi likavunjika bila kuchuna gome hata unyoya, likaning'inia, likashushwa taratibu kama mgonjwa. Bati la jirani halikuguswa. Hapo ndipo akarudi kwenye kile kipande kilichobaki na kukikata vizuri, si sambamba na shina kabisa, bali nje kidogo ya ule uvimbe unaolizunguka tawi linapotokea. Mzee alinionyesha kwa kidole: mti unajifunga kidonda kuanzia kwenye huo uvimbe, ukiukata umeunyima dawa yake. Nilikuwa nimenunua kopo la rangi ya mafuta nipake vidonda. Akaniambia nikapake mlango.

Matawi mengine alitoa machache kuliko nilivyotaka. Mimi nilisema punguza nusu. Yeye akasema robo inatosha kwa mwaka mmoja, na wakati mzuri ni huu, maembe yakishavunwa, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha za matawi na zinahitaji muda wa kukomaa. Pia mwanga na upepo vikipita ndani, majani hayashindi na unyevu na ule ugonjwa wa madoa meusi kwenye embe unapungua.

Kuna tawi dogo lililokuwa limeelekea kwenye waya wa umeme unaoingia kwa jirani. Hapo hakugusa kabisa. "Piga simu TANESCO waje wazime kwanza." Nilibembeleza, nikasema ni dogo, akanitazama tu.

Zege walilivunja kama hatua moja kuzunguka shina, tukaweka majani makavu yasiyogusa gome. Wapangaji wakanuna kwa ajili ya sehemu ya kufulia, nimewatengenezea nyingine upande wa choo. Matawi mazito yalichukuliwa na mama anayepika chipsi, alileta guta mwenyewe.

Sasa lawama. Kijana wa chini alikuja na ndala, hana kofia ngumu, wakati chenso inanguruma juu ya kichwa chake. Nilisimamisha kazi mpaka akaazima viatu kwa mpangaji wangu. Niliuliza kuhusu bima, mzee akacheka, na hilo halichekeshi: kijana akidondoka uani kwangu, mimi ndiye nitakayekimbia naye hospitali ya Bugando. Risiti hana, niliandika mwenyewe kwenye daftari akasaini. Na unga wa mbao waliuacha, nilifagia siku mbili.

Kuhusu mwarobaini nilimwonyesha kabla hajaondoka. Aliguna muda mrefu. Akasema haurudi kama zamani, ila tunaweza kuchagua machipukizi matatu yenye nguvu yaliyokaa mbalimbali na kuondoa mengine polepole. Aliondoa baadhi palepale bila kunidai, na atarudi mwakani.

Nimesubiri miezi mitatu kabla ya kuandika. Vidonda vya mwembe vimeanza kuvimba pembeni kama mdomo unaofumba, na majani mapya yametoka yale ya rangi ya shaba. Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya ndala na ya Jumatatu. Ukimtaka, anza kwa dada wa miche, na uhakikishe kila kijana amevaa viatu kabla hajavuka geti.

Jirani naye alipita juzi, akasimama akautazama mwembe weee, kisha akaniuliza: sasa msimu ujao maembe yake yatadondokea wapi?