Daladala na mwendokasi kwa mtu wa magongo: uzoefu wangu wa Dar

Watu wakijua natembelea magongo, swali lao la kwanza huwa ngazi. Coaster, yale mabasi madogo ya daladala, unaipandaje? Naipanda. Pale mlangoni kuna bomba la kushika, na mikono yangu imefanya kazi ya miguu tangu nilipopata polio utotoni. Kinachonisumbua Dar es Salaam ni haraka. Gari likitulia kituoni, hakuna daladala ya mji huu itakayonishinda. Likipita linaserereka, konda ananing'inia mlangoni akipiga bati "twende, twende", nitabaki hata kama ngazi ni moja.

Kwa hiyo nikiulizwa usafiri wa hapa ukoje, sianzi na gari, naanza na hesabu. Dereva wa daladala ana kiasi cha kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila siku, mafuta juu yake, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda. Mtu wa magongo anakula muda ambao wangepanda watu wanne wa kudandia. Wengi wa makonda walioniacha hawana ubaya na mimi. Wamepiga hesabu kichwani, nikatoka hasara.

Wenzangu katika hasara hiyo ni wanafunzi. Kwa nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilizoanza Desemba 2023, ruti isiyozidi kilomita 10 mtu mzima analipa shilingi 600, mwanafunzi 200. Watoto watatu wakibanana ndipo wanalingana na mzazi mmoja. Ndiyo maana asubuhi kituoni huwa tunabaki kundi lile lile, sare za shule na mimi, na sasa tumezoeana. Wale wakubwa wakubwa wana mbinu yao: gari likipunguza mwendo, wawili wanawahi mlangoni, wanasimama pale kama wanatafuta hela mfukoni hadi mimi nifike. Konda akifoka, wanamwitikia "shikamoo" kwa pamoja, na konda mwenyewe kijana wa juzi tu. Akishanipandisha mimi, anaona aibu kuwaacha wao. Mimi napata muda, wao wanapata gari.

Kwa mtu wa hali yangu anayehamia Dar, ushauri wangu mkubwa ni kupanda mwanzo wa ruti, hata kama itabidi urudi nyuma vituo kadhaa. Makumbusho, Simu 2000, Gerezani, pale Mbezi karibu na stendi ya Magufuli: huko gari linasubiri lijae, na anayesubiri abiria anakuwa mpole. Jioni sivyo. Jioni watu wanaingia kwa madirisha na kurusha mabegi kushika siti, na mpiga debe aliyekuita "bosi wangu" saa sita mchana hakujui. Ukiweza kuondoka mjini kabla ya saa kumi, ondoka. Usipoweza, kaa unywe chai mpaka saa mbili na nusu usiku.

Siti nayo ina siri zake. Ya mbele pembeni ya dereva ina heshima, ila kwenye Coaster nyingi unavuka boneti ya injini kuifikia, na joto lake mwezi wa Desemba sikuombei. Zile za kukunja za katikati zikwepe, maana kila anayeshuka lazima akuinue. Mimi nakaa jirani na mlango, dirishani, na magongo nampa konda ayaweke nyuma ya kiti cha dereva. Wakati wa kushuka yanarudishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu kama jeneza la mtu mwembamba, na gari zima linajua sasa nani anashuka. Hapo sina neno na abiria wa Dar. Anayenuna asubuhi nzima atanyoosha mkono ayapokee.

Katika kanuni zote za daladala, ninayoipenda ni ule mstari wa rangi ubavuni na ruti iliyoandikwa wazi. Aliye mzima anaweza kusubiri gari lifike ndipo aulize linaenda wapi. Mimi nikiiona rangi kwa mbali naanza safari yangu ya kutoka kwenye benchi hadi ukingoni mwa barabara, na tunakutana. Magari yenye rangi iliyochubuka, au yaliyobandikwa kibao cha ruti ya kuazima, yananinyima zile hatua kumi za mwanzo.

Nauli nalipa kila mara, ingawa makonda wengi hunikatalia. "Mzee baba, wewe kaa tu, hela yako weka." Ni moyo mzuri na sitaki kuudharau. Lakini nimeona tofauti. Niliyelipa 600 nikisema "shusha" kituoni, nashushwa kituoni. Niliyepanda bure naombwa nishuke popote foleni ilipokwamisha gari, katikati ya pikipiki, tena kwa kuharakishwa, maana nimeshafadhiliwa. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010. Huko mlangoni hakuna anayeinukuu, lakini noti ya elfu ikinyooshwa kila mtu anaielewa, ukiacha lile tatizo la chenji.

Linaloniumiza kuliko yote ni kukatisha ruti. Gari limeandikwa hadi mwisho wa safari, foleni ikikaza konda anatangaza "mwisho wa gari hapa", na watu wanashuka wakilaani. Ni kosa, na leseni ya njia hairuhusu. Kwa abiria mwingine hiyo ni nauli ya pili. Kwangu ni kupanda kwa pili, tena katikati ya ruti, mahali pasipo na gari linalosubiri mtu. Nilichojifunza ni kutoinuka. Gari likiwa na watu watano tu wasioinuka, ama safari inaendelea, ama nauli inarudi mkononi. Kushtaki inawezekana, LATRA ndiyo iliyopokea kazi hiyo mwaka 2019 kutoka SUMATRA, mamlaka iliyoitangulia. Andika namba ya gari, ruti na saa, usiandike "daladala moja jeupe".

Sasa mwendokasi, mabasi yaendayo haraka kwenye njia yao wenyewe. Ulipoanza 2016, Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, nilishangaa kitu kimoja: sikuinua mguu. Kituo kiko katikati ya barabara, unaingia kwa mteremko, jukwaa limeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi, unavuka tu. Nauli ilikuwa 650, mwanafunzi 200, ushuke Manzese au uende hadi baharini. Hakuna konda mlangoni wa kukupima kwa macho. Saa tano asubuhi, siku ya kazi, huo ndio usafiri pekee wa Dar ninaoutumia mwanzo hadi mwisho bila kumwomba mtu chochote, na kwangu hilo ni kubwa kuliko dakika zinazookolewa.

Saa za kwenda na kurudi kazini msongamano wake unajulikana na kila mtu, na mimi huwa siujaribu. Jukwaa la usawa halisaidii kitu watu mia wakisukuma kutoka nyuma. Ngazi za Coaster iliyotulia ni salama zaidi. Na mchana pia angalia mwanya kati ya basi na jukwaa. Tanguliza gongo upande wa pili, ndipo mwili ufuate. Njia ya kuvuka kwenda kituoni ni pundamilia, ambayo bodaboda wanaiona pambo.

Pantoni ya Kigamboni niitaje kwa kifupi: haiondoki ghafla, watembea kwa miguu wanaingia kwa wimbi, unaweza kuwaacha watangulie. Ila maji yakikupwa mteremko wa kuingilia unakuwa mkali na unateleza.

Siku za mvua vyote hivyo naviweka kando, gongo na tope havipatani. Napanda bajaji. Sakafu iko chini, magongo yanalala miguuni, dereva anakufikisha hadi kwenye geti na anakushikia mwavuli. Bei tu ndiyo haina kibao. Taja yako kabla ya kukaa, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, hata kama umelowa.